Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kuchagua Diski Ngumu na Kadi za Kidhibiti kwa Kompyuta za Zamani

Maswali haya yanahusu kompyuta za mezani zinazofuata muundo wa IBM PC, kuanzia zile za miaka ya 1980 hadi zile zilizotengenezwa karibu na mwaka 2010. Tumekaa zaidi kwenye zile za kati, yaani za Pentium II hadi Core 2 Duo, kwa kuwa ndizo ambazo bado unazikuta kwenye maduka ya stesheneri, shule na ofisi ndogo, na ndizo zinazofika kwa fundi zikiwa na diski iliyokufa. Kabla ya kuulizia ukubwa wa diski, uliza kwanza itasomwa na nani: BIOS (programu ndogo iliyo ndani ya ubao mama, inayoiwasha kompyuta), kidhibiti (chipu au kadi inayoendesha diski) na mfumo endeshi, kila kimoja kina kikomo chake, na kikomo kidogo kuliko vyote ndicho kinachoamua.

Nitajuaje kompyuta yangu inapokea diski ya aina gani?

Fungua kifuniko utazame kebo. Kebo pana na bapa yenye pini 40 ni ya IDE, ambayo huitwa pia PATA. Kebo nyembamba ambayo kichwa chake kina umbo la herufi L ni ya SATA. Kebo pana yenye pini 34 kwa kawaida ni ya floppy tu, isipokuwa kama diski yenyewe imeunganishwa kwa kebo mbili, moja ya pini 34 na nyingine ya pini 20. Hapo una mashine ya kizazi cha kwanza, na jibu lake liko mbele.

SATA iliingia sokoni mwaka 2003, na kwa miaka michache baadaye bodi nyingi zilikuwa na viunganishi vya aina zote mbili. Ukiweza kulijua jina la chipu iliyo kwenye ubao mama, kazi inakuwa rahisi zaidi. Kwa upande wa Intel, ICH5 ya mwaka 2003 ndiyo iliyoanza kubeba SATA, kwa kasi ya gigabiti 1.5 kwa sekunde. ICH7 ya mwaka 2005 ikapanda hadi gigabiti 3. Na ICH8 ya mwaka 2006 ikaiacha IDE kabisa. Kompyuta kama Dell OptiPlex 745 na HP Compaq dc7700 ni za kundi hili la mwisho, na hazihitaji kadi yoyote ili zipokee diski ya SATA ya leo.

Kwa nini BIOS inaionyesha diski kuwa ndogo kuliko ilivyo, au inaganda kabisa inapoitafuta?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake ni refu kwa sababu vikomo ni vingi na vilikuja kimoja baada ya kingine.

Cha kwanza ni megabaiti 528. BIOS ya zamani ilihesabu diski kwa silinda, vichwa na sekta, na haikuweza kuvuka silinda 1,024. Kiwango cha IDE nacho hakikuruhusu zaidi ya vichwa 16. Ukizidisha silinda 1,024 kwa vichwa 16, kwa sekta 63, kwa baiti 512 za kila sekta, unapata baiti 528,482,304, na huo ndio ukuta unaokutana nao kwenye mashine nyingi za 386 na 486. Baadaye watengenezaji walianza kuzitafsiri namba hizo ili BIOS ione vichwa hadi 256, na ukuta ukasogea hadi gigabaiti 8.4, ambao ndio ulio kwenye mashine nyingi za katikati ya miaka ya 1990. Kati ya kuta hizo mbili kuna mwingine wa takriban gigabaiti 2.1, uliotokana na baadhi ya BIOS kushindwa kuhesabu silinda zaidi ya 4,095.

Unaofuata ndio unaosumbua zaidi, kwa sababu hauonyeshi ujumbe wowote. Matoleo mengi ya BIOS ya Award ya mwishoni mwa miaka ya 1990 hayakuweza kuhesabu silinda zaidi ya 65,535, sawa na gigabaiti 33.8. Ukiweka diski ya GB 40 au GB 80 kwenye bodi ya namna hiyo, skrini inafika kwenye mstari unaotafuta diski za IDE na kubaki hapo hapo. Hata kibodi haisikii. Mtu asiyejua huamini kwamba diski ni mbovu, anairudisha dukani, na muuzaji akiijaribu kwenye mashine yake inafanya kazi bila tatizo lolote.

Kisha kuna gigabaiti 137, kikomo cha anwani za biti 28, ambacho kiko katika vidhibiti na mifumo endeshi iliyotengenezwa kabla ya miaka ya 2002 na 2003. Na juu ya vyote kuna terabaiti 2.2, inayotokana na jedwali la sehemu za diski la aina ya MBR.

Usichanganye vikomo hivi na tofauti ya kawaida ya hesabu. Diski iliyoandikwa GB 80 na mtengenezaji huonekana kama GB 74.5 ndani ya Windows, kwa kuwa mtengenezaji anahesabu kwa kumi na Windows inahesabu kwa mbili. Hapo hakuna kilichopotea.

Nikishajua kikomo cha BIOS yangu, nifanye nini?

Jaribu kwanza kupata toleo jipya la BIOS la bodi hiyo hiyo. Kwa ukuta wa gigabaiti 33.8, watengenezaji wengi wa bodi walitoa marekebisho kati ya mwaka 1999 na 2000. Hata hivyo, kuandika BIOS upya mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa ni hatari, kwa hiyo usiifanye bila UPS, na usiifanye kabisa ikiwa njia nyingine ipo.

Njia ya pili ni jampa, yaani kijipande kinachounganisha pini mbili. Diski nyingi za IDE za miaka hiyo zina mpangilio wa jampa unaoifanya diski ijitangaze kuwa na gigabaiti 32 tu. Unapoteza nafasi, lakini mashine inawaka. Mchoro wa jampa hizo mara nyingi umechapishwa kwenye lebo ya diski yenyewe.

Njia ya tatu ni programu kama Ontrack Disk Manager, ambayo hujiandika mwanzoni mwa diski na kuchukua kazi ya BIOS kabla mfumo endeshi haujaanza. Zinafanya kazi, lakini sizipendekezi. Ukiwasha mashine kwa floppy, au ukiihamishia diski kwenye kompyuta nyingine, data inaweza kuonekana kama haipo, na mtu mwenye haraka ataifomati.

Njia ya nne, ambayo mara nyingi ndiyo bora, ni kadi ya kidhibiti.

Kadi ya kidhibiti inavukaje kikomo ambacho ubao mama umeshindwa kukivuka?

Kadi nzuri ina BIOS yake yenyewe ndani ya chipu ndogo iliyo juu yake. Kompyuta inapowaka, BIOS ya ubao mama inaikuta hiyo ya kadi na kuipa nafasi, nayo inazitambua diski zilizounganishwa kwake kwa kutumia hesabu zake mpya. Ndiyo maana utaona skrini ya pili ikitaja jina la kadi na majina ya diski kabla Windows haijaanza. Kwenye mipangilio ya ubao mama, diski za kadi huchaguliwa kwa jina la SCSI au la kadi yenyewe, hata kama ni za IDE au SATA, usishangae.

Kadi isiyo na BIOS inaweza kutumika kwa diski ya pili ya kuhifadhi data, kwani mfumo endeshi huitambua baada ya kupakia draiva, lakini huwezi kuwashia kompyuta kutoka kwake. Muulize muuzaji kuhusu jambo hili kabla ya kulipa, na kama hajui, tafuta chipu ndogo ya ziada kando ya chipu kuu ya kadi.

Ninunue kadi ipi ya PCI?

Kwa diski za IDE, Promise Ultra133 TX2 ni chaguo lisilo na matatizo mengi: ina BIOS yake na inavuka gigabaiti 137. Kwa diski za SATA kwenye mashine za Pentium III na Pentium 4, kadi za kawaida zimejengwa juu ya chipu za Silicon Image SiI3112, yenye milango miwili, na SiI3114, yenye minne, au VIA VT6421A, ambayo huongeza na kiunganishi kimoja cha IDE. Angalia chipu badala ya jina lililo kwenye boksi, kwa kuwa kadi kumi za majina tofauti huweza kuwa na chipu moja.

Chipu za Silicon Image zinauzwa zikiwa na BIOS ya RAID (ya kuunganisha diski kadhaa kama moja) au BIOS ya kawaida. Ukiwa na diski moja tu, ile ya kawaida hukuondolea usumbufu, na kadi nyingi zinaruhusu kubadilisha moja kwa nyingine kwa programu ya mtengenezaji wa chipu.

Usitarajie kasi yote ya diski. Njia ya PCI ya biti 32 na megahezi 33 inapitisha megabaiti 133 kwa sekunde kwa nadharia, na inagawanywa kati ya kadi zote zilizochomekwa, ikiwemo ya mtandao na ya sauti. Kama ubao mama una tundu la PCI Express lililo wazi, kadi yenye chipu ya ASMedia ASM1061 ni bora kuliko yoyote ya PCI.

Jambo la mwisho kuhusu kadi hizi ni mipasuko iliyo kwenye ukingo wake wa chini. Bodi nyingi za kompyuta za mezani zina matundu ya PCI ya volti 5, na kadi iliyotengenezwa kwa volti 3.3 pekee haitaingia. Kadi yenye mipasuko miwili inakubali zote. Usilazimishe.

Ubao wangu una SATA, lakini diski mpya haionekani kabisa. Kadi inahitajika?

Huenda haihitajiki. Chipu za VIA VT8237 na VT8237R, zilizokuwa kwenye bodi nyingi za Athlon na Pentium 4, zinashindwa kuelewana na diski inayoanza mazungumzo kwa kasi ya gigabiti 3. Diski nyingi za inchi 3.5 za Western Digital na Seagate za kipindi hicho zina pini ndogo kando ya kiunganishi cha SATA, na jampa moja ikiwekwa mahali panapotakiwa huishusha diski hadi gigabiti 1.5. Kwenye Western Digital ni pini ya 5 na ya 6. Diski ikishaonekana, hasara ya kasi hutaiona, kwa kuwa diski ya kuzunguka haifiki hata megabaiti 150 kwa sekunde zinazopita kwenye gigabiti 1.5, isipokuwa zile za karibuni. SSD hazina pini hizo, na hapo ndipo kadi inapohitajika.

Adapta ya kugeuza SATA kuwa IDE inatosha badala ya kadi?

Inatosha kama BIOS ya ubao mama inauona ukubwa wa diski, kwa sababu adapta haina BIOS yake na haiondoi kikomo chochote. Uzuri wake ni kwamba haihitaji draiva wala tundu la PCI. Ubaya ni kwamba baadhi ya adapta za bei ya chini hazipendi kushiriki kebo moja na sidiromu. Iwekee kebo yake peke yake, jampa ikiwa kwenye nafasi ya diski kuu.

Kebo iwe ile yenye nyaya 80, si ya nyaya 40, ingawa zote zina pini 40. Bila nyaya hizo za ziada mashine itajishusha hadi kasi ya megabaiti 33 kwa sekunde. Kichwa cha buluu huenda kwenye ubao mama, cheusi cha mwisho kwa diski kuu, na cha kijivu cha katikati kwa diski ya pili. Mstari mwekundu wa pembeni unaelekea pini ya kwanza, ambayo kwenye diski nyingi iko upande wa tundu la umeme.

Windows XP inatoa skrini ya buluu yenye namba 0x0000007B. Diski ni mbovu?

Mara nyingi diski ni nzima. Namba hiyo ina maana kwamba Windows imeanza kupakiwa, kisha haikuiona tena diski ilikotoka, kwa kuwa haina draiva ya kidhibiti. Windows XP haina draiva ya AHCI, namna mpya ya kuongea na diski za SATA, ndani yake. Ingia kwenye BIOS, tafuta mpangilio wa SATA, ubadilishe kutoka AHCI kwenda IDE au kwenda neno lenye maana ya mfumo wa zamani. Kama unatumia kadi, bonyeza F6 mwanzoni mwa usakinishaji na uipe draiva kwa floppy. Au, kwa kuwa floppy nzima siku hizi ni adimu kuliko kadi yenyewe, ingiza draiva ndani ya diski ya usakinishaji kwa programu ya nLite.

Hakikisha pia kwamba unasakinisha XP yenye Service Pack 1 au zaidi. Toleo la kwanza halikuvuka gigabaiti 137, na kulitumia kwenye diski kubwa ni kuhatarisha data. Windows 98 ina kikomo hicho hicho kwenye draiva yake ya IDE, na juu ya hapo fdisk yake ya awali (programu ya kugawa diski) inazionyesha vibaya diski zinazozidi gigabaiti 64 mpaka upate toleo lililorekebishwa. DOS ya kawaida inakomea kwenye mfumo wa faili wa FAT16, yaani gigabaiti 2 kwa kila sehemu.

Diski mpya ni nzima, lakini ndani ya XP inakokota sana. Kwa nini?

Diski za kuzunguka za tangu mwaka 2010 hivi zina sekta za baiti 4,096 ndani yake, ingawa zinajitangaza kuwa na za baiti 512. XP huanzisha sehemu ya kwanza kwenye sekta ya 63, namba isiyogawanyika kwa nane, na hivyo kila inapoandika, diski inalazimika kusoma sekta mbili kubwa na kuziandika upya. Dawa ni kuigawa diski kwanza kwa GParted au kwa kisakinishi cha Windows 7, ambavyo huanzia kwenye sekta ya 2,048, kisha kuisakinisha XP ndani ya sehemu iliyokwisha kutengenezwa bila kuifuta.

Kuna maana kuweka SSD kwenye kompyuta ya mwaka 2007?

Ipo, na kwa pesa hiyo hutapata mabadiliko makubwa zaidi ya hayo, ukiacha kuongeza RAM. Hata ikibanwa kwenye gigabiti 3 au 1.5, faida ya SSD haitokani na kasi ya faili moja kubwa. Inatokana na kutokuwa na kichwa kinachohangaika kutafuta faili ndogo maelfu. GB 120 au 240 inatosha. Tumia Windows 7 au Linux ukiweza, kwa kuwa XP haitumi amri ya TRIM inayoijulisha SSD nafasi zilizoachwa wazi.

Tahadhari moja ni ya umeme. Pawasaplai ya zamani isiyo na kichwa cha SATA itahitaji adapta kutoka kwenye kichwa cha pini nne. Chagua ile ambayo nyaya zake zimebanwa kwenye kichwa, uone kila waya ukiingia peke yake. Zile ambazo plastiki imemiminwa juu ya nyaya zimewahi kupiga shoti ndani kwa ndani na kuungua.

Nina mashine ya 286 au ya IBM PC/XT. Nitapata wapi diski?

IBM PC/XT ya mwaka 1983 ilikuja na diski ya megabaiti 10 inayofuata muundo wa Seagate ST-412. Diski za namna hiyo zilizo hai zinazidi kupungua, na huwezi kuichomeka kwa kidhibiti chochote tu: kuna namna mbili za kuandika data, ya MFM ina sekta 17 kwa kila mzunguko, ya RLL ina 26, na diski iliyofomatiwa na kadi moja mara nyingi haisomeki kwa kadi nyingine. Kwa hiyo usitenganishe diski na kadi yake.

Kwa matumizi ya kila siku, weka kadi ya XT-IDE, muundo huria wa biti 8 uliobuniwa na wapenzi wa mashine hizi, pamoja na kadi ya kumbukumbu ya CompactFlash kama diski. CompactFlash inaongea lugha ya IDE yenyewe, kwa hiyo adapta yake haina akili yoyote zaidi ya kupanga pini. Kwenye 386 na 486 si lazima ununue kadi nzima: BIOS ya XTIDE inaweza kuandikwa kwenye ROM na kuchomekwa kwenye soketi tupu ya kadi ya mtandao ya ISA, na ukuta wa megabaiti 528 ukaondoka.

Nimeuziwa diski ya seva kwa bei ndogo, lakini haiingii kwenye kebo. Kuna adapta?

Hiyo ni SAS, aina ya diski ya seva inayofanana na SATA kwa umbo. Ukiitazama, sehemu ya data na ya umeme zimeunganishwa kwa plastiki bila pengo katikati. Kidhibiti cha SAS hupokea diski ya SATA, lakini kidhibiti cha SATA hakipokei ya SAS, na adapta zinazouzwa zinabadilisha umbo tu. Irudishe.

Nikague nini kwenye diski iliyotumika?

Isome kwa CrystalDiskInfo, au kwa smartctl kwenye Linux. Kwenye orodha ya afya ya diski, safu yenye namba 5 inahesabu sekta zilizohamishwa, na ya 197 zinazosubiri uamuzi. Namba yoyote juu ya sifuri kwenye 197 inatosha kuikataa. Safu ya 199 ikiwa kubwa huku nyingine zikiwa sifuri, laumu kebo kwanza. Saa za kazi, safu ya 9, zisikutishe peke yake: diski ya ofisini iliyokaa imewaka kwa miaka mitatu inaweza kuwa na afya kuliko ya nyumbani iliyozimwa ghafla kila umeme ulipokatika. Kisha ifanyie jaribio refu la ndani, ambalo kwa diski ya GB 80 huchukua chini ya saa mbili, ukiwa umeiwekea sikio. Mlio wa kugonga unaojirudia kwa mpangilio ni kichwa kinachorudi mwanzo baada ya kushindwa kusoma.

Diski ya zamani inakufa na data bado imo. Niihamisheje?

Usiifanyie chkdsk (ukaguzi wa diski wa Windows), wala usianze kunakili faili moja moja. Iunganishe kwenye mashine yenye Linux na utumie ddrescue, ambayo huchukua kwanza maeneo yanayosomeka kwa urahisi, inayaruka yaliyoharibika, na kuyarudia mwishoni, huku ikiandika ramani ya ilikofika ili uweze kusimamisha na kuendelea kesho. Diski ya kupokea iwe kubwa kuliko ile ya mwanzo, kwani mbili zilizoandikwa GB 80 na watengenezaji tofauti huweza kupishana kwa sekta kadhaa, na nakala ikakatika mwishoni kabisa.